Chuma hakisahau mzigo

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji utakayeyakuta mazungumzo haya gazetini, leo nakuomba tusimame kidogo kando ya barabara kuu iendayo Moshi, kati ya Makanya na mji wa Same. Ukiwa unatokea Dar es Salaam, kulia kwako imejipanga Milima ya Upare, na kushoto ni nyika ya miba. Makanya ndiko inakochimbwa jasi, ile mali ghafi inayotumika katika viwanda vya saruji, na malori yanayoibeba ni jambo la kila siku katika barabara hiyo.

Mwaka jana, nikiwa njiani kwenda Same kikazi, nilikuta lori moja limesimama hapo, tela lake limelala mtaroni. Chuma kinacholiunganisha tela na lori kilikuwa kimekatika, na kilikatika pale pale kilipochomelewa. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Lakini dereva alituambia kwamba dakika chache tu kabla ya hapo alikuwa amepishana na basi lililojaa abiria.

Tulimpa pole, akaitikia, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonileta kwako leo. "Ndugu zangu, wiki iliyopita tela hili hili lilibeba mzigo mkubwa kuliko huu, katika barabara hii hii, na halikutetereka. Leo nimepunguza mzigo, nimekwenda polepole, na leo ndiyo limekatika. Hapa pana mkono wa mtu."

Watu waliozunguka walitikisa vichwa kukubaliana naye. Na kwa kweli, ukilitazama jambo hilo juu juu, hoja yake ina uzito. Kama kiungo kiliweza mzigo mkubwa juzi, kwa nini kishindwe na mdogo leo?

Jibu lilitoka kwa fundi mmoja wa kuchomelea, mzee aliyekuja kutoka Same na vifaa vyake nyuma ya pikapu. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaokota kipande kilichokatika, akakigeuza juani na kuniambia: "Mwanangu, hiki hakikukatika leo. Leo kimemaliza kukatika."

Akanionyesha. Uso wa chuma kilichokatika ulikuwa na rangi mbili. Sehemu kubwa, karibu robo tatu, ilikuwa laini, nyeusi na yenye kutu. Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa inang'aa, imeparuzika kama sukari guru iliyovunjwa. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika siku hiyo. Ile yenye kutu ilikuwa imekwisha kukatika siku nyingi, taratibu, na maji ya mvua na vumbi vikapata nafasi ya kuingia. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu tela zima lilikuwa likivutwa na robo ya chuma, na hakuna aliyejua.

Ndugu msikilizaji, hilo halina mkono wa mtu. Wataalamu wanaliita uchovu wa chuma.

Uchovu huo unaujua hata kama hukuwahi kusikia jina lake. Chukua kipande cha waya. Ukijaribu kukikata kwa kukivuta, vidole vitakuuma na waya hautakatika. Lakini ukikunje huku, kisha kule, huku na kule, mara kadhaa, kitakatika chenyewe. Hukuongeza nguvu. Ulichoongeza ni idadi. Chuma kinaweza kushindwa kwa mzigo mmoja mkubwa mno, na kinaweza kushindwa kwa mizigo midogo mingi, ambayo kila mmoja peke yake hauna madhara yanayoonekana.

Mwanadamu alijifunza somo hili kwa gharama. Mwezi Mei 1842, karibu na Paris nchini Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni iliyokuwa ikitoka Versailles ilikatika, mabehewa yakapandana na kuwaka moto. Watu zaidi ya 50 walikufa. Ekseli hiyo haikuwa imebebeshwa mzigo usio wa kawaida; ilikuwa imefanya kazi yake siku zote, ikizunguka.

Aliyelichimbua jambo hili hasa ni mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler. Kati ya miaka ya 1850 na mwaka 1870 alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli zikiwa na mzigo, akawa anahesabu zinazunguka mara ngapi kabla ya kukatika. Aligundua kwamba linaloua chuma si ukubwa wa mkazo peke yake, bali ni tofauti kati ya mkazo mkubwa na mkazo mdogo, ikijirudia rudia. Tofauti ikiwa kubwa, chuma hukatika baada ya mara chache. Ikipungua, chuma hudumu sana. Reli ya Wajerumani ilipoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikapita Same na kufika Moshi mwaka 1911, somo hilo la ekseli lilikuwa limekwisha kuandikwa vitabuni.

Lakini Wöhler alipokuwa akifanya vipimo vyake hapakuwa na kuchomelea kwa umeme. Leo karibu kila kitu cha chuma kinachotuzunguka kimechomelewa: fremu ya basi, tela, mnara wa simu, tangi la mafuta, daraja, kreni ya bandarini. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mshono uliochomelewa vizuri unaweza kuwa na nguvu sawa na chuma chenyewe, au kukizidi, ukivutwa mara moja. Lakini ukivutwa na kuachiwa mara nyingi, mshono huo huo huchoka mapema mno kuliko chuma kisichochomelewa.

Kwa nini? Sababu ni tatu. Ya kwanza ni umbo. Pale mshono unapokutana na bamba pana kona, na mkazo hujikusanya kwenye kona kama maji ya mvua yanavyojikusanya kwenye kijito. Ya pili ni kasoro ndogo ndogo. Kwenye ukingo wa mshono aghalabu hubaki mikwaruzo na vipande vya takataka visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja ni ufa uliokwisha kuzaliwa, unasubiri kukua. Ya tatu ni joto. Chuma kilichoyeyuka kinapopoa hunywea, lakini kimeshikwa pande zote na chuma baridi. Kwa hiyo hubaki kimejivuta chenyewe kwa chenyewe, hata gari likiwa limeegeshwa tupu uani.

Kwa sababu hizo, kununua chuma cha bei kubwa chenye nguvu zaidi hakusaidii sana kwenye mshono ulioachwa jinsi ulivyotoka kwenye moto. Chuma kigumu hukawiza kuzaliwa kwa ufa. Lakini kwenye mshono ufa umekwisha kuzaliwa, na ukishazaliwa, hukua kwa mwendo unaokaribiana katika vyuma vyote vya ujenzi.

Sasa, haya yanajulikanaje? Kwa kupima. Katika maabara, kiungo kilichochomelewa hubanwa kwenye mashine yenye jeki za mafuta. Mashine hukivuta na kukiachia, mchana na usiku, huku ikihesabu. Hakuna anayejaribu kukikata kwa nguvu. Mkazo unaotumika ni ule ambao kiungo kingeuhimili mara moja bila kulalamika. Mashine ikivuta mara 10 kwa sekunde, itachukua siku 2 na saa 7 hivi kufikisha mara milioni 2, na hicho ni kiungo kimoja tu. Hapana budi kupima vingi, kwa mikazo mbalimbali, maana hata viungo vilivyochomelewa na fundi mmoja, siku moja, kwa chuma kimoja, havikatiki kwa idadi moja. Kimoja chaweza kudumu mara 2 au 3 ya mwenzake. Kwa hiyo wahandisi hawategemei wastani. Huchora mstari wao chini, ili karibu viungo vyote viwe juu yake.

Matokeo ya vipimo hivyo yamepangwa kwa madaraja. Katika kanuni za usanifu za Ulaya, kila aina ya kiungo ina namba yake: ni tofauti ya mkazo, kwa nyutoni katika kila milimita moja ya mraba, ambayo kiungo kinaweza kuihimili mara milioni 2. Bamba safi kutoka kiwandani, lisilochomelewa, lina namba 160. Mshono wa pembeni unaobeba mzigo, ambao haukupenya hadi ndani, una namba 36. Ni chuma kile kile, lakini tofauti ni zaidi ya mara 4.

Pengine utasema, ndugu mtangazaji, milioni 2 ni nyingi, gari langu halitafika huko. Hebu tuhesabu kwa mfano tu. Tuseme tela linapata mitikisiko mikubwa 10 katika kila kilomita, kwa matuta, mashimo na kingo za lami. Tuseme linakwenda kilomita 200 kwa siku. Hiyo ni mitikisiko 2,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni 600,000 kwa mwaka. Milioni 2 zitatimia baada ya miaka 3 na miezi 4. Gari linaweza kuwa bado linang'aa kwa rangi, na mwenyewe bado analipa mkopo wake benki.

Tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo wenye magari wanapojidanganya. Vipimo vya viungo vilivyochomelewa vinaonyesha kwamba, kwa makadirio, maisha ya kiungo hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Maneno hayo ni magumu lakini hesabu yake ni nyepesi. Ukizidisha mzigo mara 2, maisha hayapungui mara 2, yanapungua mara 8, kwa sababu 2 mara 2 mara 2 ni 8. Tela lililosanifiwa kwa tani 10 ukilitwika tani 12 na nusu, umeongeza mzigo kwa robo tu, lakini umekata maisha ya kiungo karibu nusu. Ukilitwika tani 15, umebakiza chini ya theluthi moja. Na kinyume chake ni kweli vile vile: ukipunguza mzigo kwa asilimia 20, maisha ya kiungo yanakaribia kuwa mara 2.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Wengi wetu tunaiona mizani kuwa ni adui wa biashara, au tunadhani ipo kwa ajili ya kulinda lami peke yake. Lakini anayekwepa mizani anaila barabara ya wote, na wakati huo huo anaila fremu ya gari lake mwenyewe.

Sasa tunaweza kumjibu dereva wetu. Mwaka 1924 Palmgren wa Sweden, na mwaka 1945 Miner wa Marekani, walieleza kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Kila mtikisiko hutumia sehemu ndogo ya maisha ya kiungo, na sehemu hizo hujumlishwa. Ni sawa na daftari la deni pale dukani kwa jirani. Leo umekopa sukari, kesho sabuni, keshokutwa mchele gunia zima. Siku unapokopa kiberiti tu, mwenye duka anafunga daftari na kukudai zote. Kiberiti hakikukufilisi. Ule mzigo mkubwa wa wiki iliyopita, ambao dereva aliutaja kama ushahidi wa uzima wa tela lake, ndio ulioandikwa daftarini kwa kalamu nzito. Huu mdogo wa leo ulikuwa kiberiti.

Wala usidhani kwamba maafa haya ni ya mafundi wetu wa vichochoroni peke yao. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika bahari ya Kaskazini upande wa Norway, jukwaa kubwa lililoitwa Alexander L. Kielland lilikuwa likitumika kama hosteli ya wafanyakazi wa visima vya mafuta. Lilikuwa na watu 212. Nguzo moja kati ya 5 ilikatika, jukwaa likalala ubavu, na ndani ya nusu saa likapinduka. Watu 123 walikufa. Uchunguzi ulipofuata ufa hadi ulikoanzia, ulikuta kwamba haukuanzia kwenye mshono mkubwa wowote. Ulianzia kwenye mshono mdogo wa milimita 6, uliokuwa umeshika kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Sisi wa redio tungekiita kipaza sauti cha baharini. Aliyekichomelea hakufikiri kwamba anagusa uhai wa jukwaa. Na ndani ya ufa huo ilikutwa rangi, ishara kwamba ulikuwapo tangu jukwaa linapakwa rangi kiwandani, mwaka 1976 au kabla yake.

Nimekutajia kisa hicho kwa sababu kinafanana na mambo tunayoyafanya kila siku. Tunanunua lori, tunalitoa kwa fundi atuongezee ndoano hapa, boksi la vifaa pale, ngazi ya kupandia nyuma. Fundi anachomelea moja kwa moja kwenye kingo za chasisi, mahali ambapo watengenezaji wa magari huonya pasichomelewe. Ndoano yenyewe haibebi kitu. Lakini mshono wake umeishusha chasisi kutoka daraja la juu hadi daraja la chini, pale pale ilipokazwa zaidi.

Nilimwuliza yule mzee wa Same afanye nini mwenye gari asiye na maabara. Akacheka, akasema maabara yake ni mafuta ya taa na chaki. Njia yenyewe inajulikana duniani kote, na hii hapa. Safisha mshono kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, acha kidogo yapenye, kisha futa kabisa hadi pakauke. Sasa paka unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuichora chaki mstari mwembamba wa unyevu. Na hata kabla ya hapo, ukiona kwenye ukingo wa mshono mstari wa kutu nyekundu unaochuruzika kupitia rangi, usiupake rangi tena. Hiyo ni barua, isome. Na ole wake anayeanza kuchomelea kabla mafuta hayajakauka yote.

Ukishauona ufa, kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya: kumwagia chuma kipya juu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami siwapingi. Lakini ufa wa chuma hauzibwi juu. Ukizibwa juu, unabaki chini hai, na sasa una mshono mwingine mbovu wa kuusaidia. Ufa wa chuma huchimbwa. Fundi anayeijua kazi atausaga wote kwa grainda hadi mwisho wake, na ikibidi atatoboa tundu dogo kwenye ncha yake usiendelee. Ndipo atachomelea kwa fimbo zilizokaushwa vizuri, na mwisho atausaga ukingo wa mshono uwe laini bila kona. Huko kusaga ukingo peke yake, kukifanywa kwa uangalifu, kunaweza kurefusha maisha ya kiungo mara 2 hivi. Ni kazi ya dakika chache ambayo mteja mwenye haraka hukataa kuilipia.

Ndugu msikilizaji, Upare si mahali pageni kwa elimu ya chuma. Huko Ugweno, katika wilaya ya leo ya Mwanga, ukoo wa Washana ulikuwa wa wahunzi karne nyingi kabla ya reli, na majembe na silaha za Ugweno zilinunuliwa hadi Uchagani. Mhunzi alimfahamu mteja wake, na jembe likivunjika lilirudi mikononi mwake, akaliona limevunjikia wapi. Kinachotupotea leo ni hicho. Kiungo kikikatika tunakitupa, tunachomelea kingine, tunaondoka. Yule mzee wa Same huviweka vipande vilivyokatika ndani ya boksi na kumwonyesha kila kijana anayekuja kujifunza kwake. Naona hilo ni darasa ambalo kila karakana na kila chuo cha ufundi kinaweza kulianzisha bila gharama.

Kwa wenye mabasi na malori nina ombi moja. Fungueni daftari. Andikeni safari na uzito, si tarehe ya kununua gari peke yake, maana chuma hakihesabu miaka, kinahesabu mizigo. Ikitimia idadi ya kilomita mliyojiwekea, gari likalale karakana, viungo visafishwe na kutazamwa. Na kwa wakaguzi wetu barabarani: kutazama taa, breki na matairi ni kazi njema, lakini mara nyingine inameni chini ya gari mtazame pale lilipochomelewa.

Dereva yule alipokwisha kuonyeshwa zile rangi mbili za chuma, alinyamaza kwa muda. Kisha akamwuliza mzee: "Kwa hiyo nilipopishana na lile basi, kilikuwa kimebaki hiki tu?" Akaweka kidole gumba juu ya ile sehemu inayong'aa. Ilienea kwenye kidole.

Mzee akamjibu, "Hicho tu, mwanangu."